Ukanda wa Matonya

Boti ya mpira ikiwa imejazwa upepo sawasawa, wanaume wawili wanaibeba kama wanavyobeba kitanda, tena huku wanaongea. Lakini pale Mtera kambi ya wapima maji ilikuwa juu ya mwamba na mto ulikuwa chini yake, na kijia cha kati kilimtosha mbuzi mmoja asiye na mzigo. Kwa hiyo boti ilishushwa asubuhi kwa winchi, mtambo wa kuvingirisha kamba, na kupandishwa adhuhuri kwa winchi, maana Bwana Mpima, mkubwa wa kambi, hakutaka iachwe majini ichezewe na viboko.

Aliyezungusha mpini wa winchi alikuwa Yahaya, Mrangi wa Kolo, mtu wa miaka thelathini, mpole, mwepesi wa kuona haya. Aliyesimama chini ukingoni kuifunga boti na kuishikia kamba ya kuiongoza alikuwa Matonya, Mgogo wa kijiji cha jirani, mrefu, masikio yametogwa, mdomo haujui kutulia. Alimtania Yahaya tangu asubuhi mpaka kengele ya kufunga kazi. Alimwambia Warangi wameshuka milimani kwa sababu mbuzi wao waliwafukuza. Yahaya alicheka na wakati mwingine alinuna, lakini walikula chungu kimoja.

Kazi ile walifundishwa na Mansukh, fundi wa Kihindi aliyetoka Dodoma kuja kuufunga mtambo. Maji ya ndani ya boti yamwagwe kwanza. Vyuma vitolewe. Boti ina pete nne, kila pete ina kamba yake, kamba zote urefu mmoja, zikutane kwenye pete kubwa ya chuma, na hiyo ndiyo iingie kwenye kulabu.

"Boti ipande kama sinia ya chai," alisema Mansukh. "Ukiona inalala upande, hata kidogo tu, teremsha. Usiseme moyoni, ah, itafika. Haifiki."

Akawaachia bunda la kamba ya akiba katika sanduku la winchi. Sanduku lilikuwa na ufunguo mmoja, ukining'inia kwenye msumari walioujua wote wawili.

Siku ile ya mwezi wa tatu, katika mwaka wa kutawazwa Malkia, wingu la mvua lilikuwa limekwisha kuufunika mlima ng'ambo ya mto. Bwana Mpima alipanda kijia mbio mbio, karatasi zake kifuani. Matonya aliinama ndani ya boti kukitoa chuma cha kupimia kina, pande zito kama kinu. Bwana akapiga kelele kutoka juu, "Acha hiyo humo! Pandisha! Upesi!"

Yahaya akazungusha. Boti ikatoka majini, ikapita kichwa cha Matonya, ikafika nusu ya mwamba. Hapo ikalala upande. Yahaya aliona. Mikono yake ilijua la kufanya, lakini mvua ilikuwa imeanza kudondoka na Bwana alikuwa amesimama nyuma yake, na moyo wake ukasema itafika. Fundo la kona moja likateleza, likafunguka. Boti ikabinuka, na kile chuma kikaanguka.

Walipomfikia, Matonya alikuwa ameketi, ameegemea jiwe, mguu wake wa kulia umekunjika mahali pasipo na kiungo. Hakulia. Alikuwa akitazama juu, boti inaning'inia kwa kamba tatu, na kwenye kona ya nne unachezacheza ukanda wa ngozi ya ng'ombe, umelowa, unang'aa kama utumbo. Aliutazama kwa muda mrefu. Kisha akamtazama Yahaya.

"Yahaya," akasema, meno yanagongana. "Kumbe mbuzi mwenyewe ndiye huyu?"

Wengine walidhani maumivu yamempandisha wazimu. Yahaya peke yake alielewa.

*

Lori lilimchukua Matonya kwenda hospitali ya Dodoma jioni ile ile. Asubuhi yake Bwana Mpima aliweka ukanda mezani, ukiwa umeanza kukauka na kujikunja, akamwita Yahaya. Mansukh alikuwepo, amekuja na lori jingine kutazama mtambo wake.

"Ukanda hii ya nani?"

Yahaya alisimama na kofia mkononi. Aliujua ukanda ule vizuri. Majuma matatu nyuma alimwendea Matonya kumwomba kamba ya kumfungia mbuzi wa akika ya mtoto. Matonya akaingia ndani mwake, akatoka na ukanda aliouchana mwenyewe kutoka ngozi ya dume lake, akaupaka mafuta mbele ya Yahaya akimwambia, "Huu hata fahali haukati. Mbuzi wa Kirangi ataona haya kufungwa nao." Siku ya akika alikuja, akala, akamwinua mtoto juu na kumwita mchumba wake.

"Ya nani?" Bwana akauliza tena.

"Wa Matonya, Bwana."

"Kamba ya serikali iko wapi? Sanduku iko tupu."

"Sijui, Bwana."

Neno la kwanza lilikuwa kweli tupu, na Yahaya alilishikilia hilo siku zote zilizofuata, kama mtu anayeshikilia shina la nyasi katika maji ya kasi. Nani asiyejua kwamba ngozi ni mali ya Wagogo? Bwana aliandika palepale. Mgogo ameiba kamba, ameweka ukanda wake mahali pa kamba, ameumia kwa mikono yake mwenyewe. Chuma kilichoachwa ndani ya boti hakikuandikwa, na hakuna aliyekiulizia.

Mansukh aliuokota ukanda, akaugeuza, akaangalia alama ya fundo kwenye ncha yake. Akafungua mdomo. Halafu akaurudisha mezani, akasema kwamba kamba za serikali zina uzi mmoja wa buluu uliosokotwa ndani, ili mwizi asiweze kusema ni yake.

"Nyumbani kwa Matonya itaonekana," akasema Bwana. "Askari wawili. Na wewe, Yahaya, unajua nyumba."

*

Aliijua nyumba. Alikuwa ameketi mara nyingi mbele ya tembe ile ya paa la udongo, akinywa maziwa ya mgando. Sasa alisimama mlangoni na kofia mkononi, wakati askari wakitoa vitu nje kimoja kimoja. Walipindua vilindo vya nafaka, uwele ukamwagika uani na kuku wakaja mbio. Walizifumua hata kamba zilizofungia paa. Waliivuruga nguo ya ndani ya mke wa Matonya kwa ncha ya rungu, wakacheka. Buluu haikuonekana.

Mke wa Matonya aliitwa Mama Msafiri, mwanamke mfupi, mwenye sauti ya kukwaruza. Hakupiga kelele. Alikuwa akizoa uwele kwa viganja, na kila kiganja alikipepeta kwanza kwa pumzi kabla ya kukirudisha kilindoni.

"Mwulizeni shemeji yangu huyu," akawaambia askari. "Huingia kwetu kama kwake. Yahaya, waambie. Matonya ni mwizi?"

Yahaya akasema, "Mimi nimeletwa kuonyesha njia tu, shemeji."

Mama Msafiri akaacha kuzoa. Akamtazama kidogo, bila hasira, kama anayejaribu kukumbuka jina la mtu. Kisha akaendelea na uwele wake.

*

Nyumba ya Yahaya kambini ilikuwa chumba kimoja cha mabati na sakafu ya udongo. Masika yaliyopita maji yalipita chini ya ukuta, na mtoto wao wa kwanza, aliyekuwa akilala na mama yake juu ya mkeka, alishikwa na kifua akafa siku ya nne. Mkewe, Sikudhani, hakumlaumu hata kwa neno moja. Mimba ya pili ilipokuwa kubwa alisema tu, "Safari hii nisilale chini." Yahaya akachonga matendegu na mifumbati ya kitanda mwenyewe, na siku moja akaingia na kamba, akawamba kitanda kizuri cha kubana, akasema ameinunua kwa Mwarabu apitaye na punda.

Sasa Sikudhani alikuwa katika arobaini yake, ameketi juu ya kitanda hicho, Zaitun wa siku ishirini na sita kifuani. Mama Msafiri akaingia na kibuyu.

"Mbukwenyi," akasalimu kwa Kigogo chao.

"Mbukwa, dada. Karibu. Kaa hapa, usikae chini."

Mama Msafiri akaketi kitandani. Alileta maziwa siku moja moja tangu mtoto azaliwe, na hata baada ya upekuzi hakuacha. Alimimina katika bakuli, akasubiri Sikudhani anywe.

"Kuna habari za baba Msafiri?"

"Wameukata," akasema Mama Msafiri. "Hapa, chini ya goti. Lori limeleta habari jana. Na karani ameniambia nisifike kambini kuuliza malipo ya kuumia, mwizi halipwi. Akitoka hospitali atapelekwa boma kwa Bwana Shauri kujibu mashtaka."

Sikudhani akaweka bakuli chini. "Dada, huyu mtu si mwizi."

"Najua. Walifumua mpaka kamba za paa wakitafuta uzi wa buluu. Buluu! Mimi buluu naiona kwa Wahindi dukani." Akajaribu kucheka. Mkono wake ulikuwa ukipapasa kitanda, kama mtu anavyopapasa kitu kizuri cha mwenzake. "Hiki mmekiwamba vizuri. Mtoto hatapata baridi."

Alipokwisha kwenda, Sikudhani alimlaza mtoto kwenye kanga, akapiga magoti kando ya kitanda. Kamba zilikuwa nyeusi kwa masizi. Alikuwa amemwona mumewe kila alfajiri, tangu ajali ile, akizisugua kwa masizi ya chungu, na alipomwuliza alijibu kwamba masizi yanafukuza kunguni. Akachukua kamba moja ya kona, akaisokotoa kinyume kwa kucha. Ndani haikuwa nyeusi.

*

Yahaya aliporudi mchana alimkuta mkewe ameketi sakafuni na mtoto, mgongo ukutani. Kitandani hapakuwa na mtu.

"Inuka, mama Zaitun, utapata baridi."

"Hiyo kamba uliinunua kwa nani?"

"Si nilikwambia, kwa Mwarabu."

"Mwarabu gani anayeuza kamba za serikali?"

Yahaya akaketi juu ya ndoo. Ukweli ulimtoka vipande vipande. Bunda la akiba lilikuwa limekaa tu sandukuni, likiozea. Alilichukua akijua atalirudisha. Kisha kamba moja ya boti ikakatika nyuzi, Matonya hakuwepo siku hiyo, na sandukuni hakukuwa na kitu. Ukanda wa mbuzi ulikuwapo, mkavu, mgumu, akaufunga kwa siku mbili tatu tu, mpaka apate nyingine.

"Matonya hakuuona?"

"Niliufunika kwa gunia mahali pa fundo. Nilisema kona ile inachubua mpira."

"Na walipokuuliza?"

"Sikusema uongo, Sikudhani. Waliuliza ukanda ni wa nani, nikasema wa Matonya. Ni wa Matonya."

Macho ya Sikudhani yalijaa machozi lakini sauti yake haikutetemeka.

"Na maziwa ninayokunywa ni ya nani?"

Yahaya alilitazama bakuli la maziwa sakafuni.

"Wamemkata mguu," akasema Sikudhani. "Leo mkewe amekaa hapo, akakisifu kitanda."

Yahaya aliinama akafunika uso. Alijisikia mdogo, mchafu, na kilichomuumiza zaidi ni kwamba ndani ya ule uchungu kulikuwa na kauli ndogo ikiendelea kumnong'oneza kwamba hakuna aliyejua bado. Aliichukia kauli ile, naye aliisikiliza. Ndipo mkewe alipoinuka, akaenda kwenye kona ya kitanda, akaanza kukiwambua. Alivuta kamba moja baada ya nyingine bila haraka. Walimaliza pamoja, mtoto akilia juu ya mkeka.

*

Bwana Mpima alikuwa akinyoa ndevu nje ya hema lake. Yahaya alisimama na mzigo wa kamba kifuani, akasema yote, mpaka habari ya fundo, mpaka habari ya gunia. Bwana alifuta povu, akachukua kamba moja, akaona uzi.

"Kwa nini unasema sasa?"

"Matonya hana kosa, Bwana."

"Karatasi imekwenda kwa Bwana Shauri juma jana. Unataka mimi iandike, nilikosa?" Akatazama mto, ulikuwa umejaa mpaka kwenye alama nyekundu. "Nikiandika tena wataniuliza yote. Boti. Kamba. Chuma." Akanyamaza kwenye neno hilo. "Hapa nani mwingine anajua winchi?"

"Hakuna, Bwana."

"Basi. Tia kamba kwenye sanduku. Rudi kazini. Funga domo lako."

Yahaya alibaki amesimama. Alikuwa amejitayarisha kwa pingu, kwa viboko, kwa kufukuzwa yeye na mkewe na mtoto mvuani. Alikuwa amejitayarisha kwa yote hayo usiku kucha, na kwa namna fulani aliyatamani. Hakutayarisha lolote la kusema mtu akimwambia arudi kazini.

Aliitia kamba sandukuni. Akatundika ufunguo kwenye msumari. Kisha akaenda mahali Mansukh alipokuwa akipakia mapipa, akaomba nafasi nyuma ya lori.

"Njoo mbele," akasema Mansukh.

Wakapita korongo la kwanza, wakapita la pili. Mansukh akasema, macho njiani, "Mimi niliona lile fundo. Lile nilikufundisha wewe mimi mwenyewe. Mgogo hafungi ngozi fundo."

"Mbona hukusema, fundi?"

"Sikuulizwa." Akabadili gia. "Mimi nataka serikali inipe kazi tena mwakani. Wewe ulitaka kitanda. Bwana anataka karatasi yake iwe safi." Mwishowe yakaonekana mabati ya Kikuyu, pembeni mwa mji wa Dodoma, na kengele ya misheni ikawa inalia.

*

Wodi ilinuka dawa na uji. Matonya alikuwa kwenye kitanda cha chuma karibu na dirisha, shuka limelala tambarare pale ulipotakiwa kuwapo mguu. Amekonda. Yahaya alisimama upande wa miguu yake, akakumbuka, akasogea pembeni.

"Umefika," akasema Matonya.

"Nimefika."

Yahaya alingoja utani. Kama Matonya angesema neno moja la mbuzi au la Warangi, angeanguka hapo hapo akalia kama mtoto. Matonya hakutania.

"Alikuja karani wa boma," akasema. "Akaniuliza ukanda ulifikaje kwenye boti. Nikasema sijui. Kweli sikujua. Niliutoa uende kwa mbuzi."

"Nimekwenda kwa Bwana. Nimemwambia ni mimi."

"Akasemaje?"

"Akasema nirudi kazini."

Matonya akageuza uso dirishani. Nje mgonjwa mmoja alikuwa akianika shuka.

"Nitakwenda boma mwenyewe," Yahaya akasema haraka. "Nikitoka hapa nakwenda. Nitamwambia Bwana Shauri. Wakinifunga wanifunge. Na shamba lako nitalipalilia mimi, nimemwambia Sikudhani. Winchi siishiki tena. Na kitanda nimekiwambua, kamba nimezirudisha zote."

"Umefanya nini?"

"Nimekiwambua."

"Mtoto analala wapi?"

Yahaya aliigeuza kofia mkononi.

"Nakuuliza, mtoto analala wapi, katika mvua hizi?"

"Chini. Kwenye mkeka."

Matonya alijinyanyua kwa viwiko, na kwa mara ya kwanza hasira ikamjaa usoni. Mgonjwa wa kitanda cha pili akafunua macho.

"Mguu wangu umekwenda kwa sababu ya kitanda hicho. Umetupwa, sijui hata umezikwa wapi. Nawe umekifumua, mtoto amerudi chini? Sasa mguu umekwenda kwa sababu ya nini?"

"Matonya, ndugu yangu..."

"Uliona haya kuniambia mkeo analala chini. Uliniambia ya mbuzi tu." Alihema. "Sisi vitanda tunawamba kwa ngozi, Yahaya. Umelala kwangu, umeviona. Pale ndani kulikuwa na ngozi tatu zimejikunja hazina kazi. Ungesema kitanda, ningekuja nikakiwamba mwenyewe, nikakucheka siku nne, basi."

Yahaya alikuwa analia sasa, wazi, bila kujifuta. Matonya alimwacha alie. Kisha akajilaza, akavuta shuka mpaka kidevuni.

"Nenda boma kwanza," akasema. "Halafu nenda kwangu, umwambie mama Msafiri akupe zile ngozi. Usifunge fundo. Ngozi unaitoboa, unaipitisha ndani yake yenyewe, haitoki hata ikilowa. Yeye atakuonyesha."

"Atanipa?"

"Sijui," akasema Matonya. "Kamwombe."